Raki inainuka nyuma, nami nataka kupachika vitu zaidi

SWALI

Mshauri, salaam.

Nafanya mazoezi ya vyuma nyumbani, peke yangu, kwenye chumba cha mita 3 kwa 2.6 chenye dari ya mita 2.3. Raki yangu, yaani fremu ya chuma ya kuwekea baa, ni ya nguzo nne, uzito wake kilo 55, kimo mita 2.1, na ukipima nje kwa nje kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 80. Miguu yake haichomozi mbele ya nguzo. Haijafungwa sakafuni, maana nyumba ni ya kupanga, chini kuna vigae na siruhusiwi kutoboa. Nina baa ya kilo 20 na pleti za kilo 130 kwa jumla. Skwati nimefika kilo 110, benchi presi 80. Mwenyewe nina kilo 78.

Raki ilikuja na kulabu mbili za kuwekea baa, ambazo raba yake imeshakatika na sasa baa inakaa chuma juu ya chuma, pamoja na bomba mbili za usalama zinazopita ndani kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Matundu yameachana sentimita 5. Hapo ndipo benchi inaponishinda: bomba zikiwa tundu la juu, baa inazigonga ikiwa imebaki sentimita moja kugusa kifua. Nikizishusha tundu moja, siku nikishindwa baa inanikalia kifuani hata nikilegea. Basi nikahamisha benchi nje ya raki na kuazima kwa rafiki mikono ya mbele, ile inayochomoza kama meno ya folklifti. Juzi nimeitua baa ya kilo 80 katikati ya mikono hiyo, miguu ya nyuma ya raki ikaachana na sakafu kwa unene wa kidole. Nilipoisogeza karibu na nguzo, ikatulia.

Halafu nimenunua kifaa cha dipsi, lile zoezi la kujishusha na kujiinua kwa mikono, kilichoandikwa kinafaa raki za inchi 2.5. Lebo ya raki yangu pia inasema 2.5, lakini nikikipachika ncha zake zinacheza kama sentimita 2.

Nina hela ya vitu vitatu tu. Orodha yangu: mikono ya mbele ya kwangu mwenyewe, iliyo mirefu zaidi, mikanda ya usalama badala ya bomba, seti ya kapi na kebo, landmaini (kishikio cha ncha moja ya baa karibu na sakafu), mikono ya wenzo (mikono mirefu yenye pleti, inayozungukia kwenye nguzo), pembe, yaani vijiti vya chuma vya kuwekea pleti, na kulabu mpya kama zitaingia. Nianze na zipi?

Mbebaji wa Chumbani

JIBU

Ndugu Mbebaji,

Mikono ya mbele ifute kwenye orodha. Unataka kuinunua kwa sababu benchi imekushinda ndani ya raki, na dawa ya hilo ni kipande cha ubao.

Matundu yakiachana sentimita 5, bomba haiwezi kukaa katikati ya tundu na tundu. Benchi inaweza. Rudisha bomba kwenye lile tundu la juu, kisha weka plaiwudi ya milimita 18 chini ya miguu ya benchi, pana vya kutosha hata nyayo zako ziikanyage, ili msukumo wako wa miguu usibadilike. Kifua kinapanda karibu sentimita 2. Ile sentimita moja iliyokuwa inakukosesha inapatikana, na inabaki nyingine karibu moja ya nafasi. Sasa lala, kunja mgongo kama unavyofanya siku zote, shusha baa tupu: iguse kifua bila kugonga bomba. Halafu laza mgongo na utoe pumzi: baa ikae juu ya bomba na kifua kiwe chini yake, uweze kuchomoka. Jaribu vivyo hivyo usawa wa shingo, maana baa ikiponyoka huviringika kuelekea huko. Ikiwa bado inagonga, ongeza mkeka mwembamba wa raba juu ya ubao. Ikikubana, punguza. Hii ni kazi ya dakika kumi, na ikikubali huna tena sababu ya kufanya benchi nje ya raki.

Sasa hilo la miguu kuinuka, kwa sababu ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine kwenye orodha yako. Raki isiyofungwa ni mizani. Ukingo wa mbele wa miguu ndio egemeo. Nyuma ya egemeo kuna uzito wa raki wenyewe, kilo 55, unaofanya kazi kama umekaa katikati, yaani sentimita 40 kutoka mbele. Zidisha: 55 kwa 40 ni 2,200. Tuseme baa yako ya kilo 80 ilikuwa sentimita 30 mbele ya miguu: ilikuwa na 80 kwa 30, yaani 2,400. Imeshinda, nyuma ikapanda. Ulipoisogeza hadi, tuseme, sentimita 20 ikawa 1,600, raki ikatulia. Mpaka wako ulikuwa kwenye sentimita 27 na nusu. Mikono mirefu zaidi uliyotaka kununua ingekupa nafasi zaidi ya kuipindua. Na hesabu hiyo ni ya baa iliyotuliwa polepole. Iliyodondoka hupiga kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, kwa hiyo upande wa nyuma unatakiwa kuwa na angalau mara mbili ya ule wa mbele kabla hujauamini.

Ndiyo maana pembe za pleti, ambazo umeziweka karibu na mwisho kana kwamba ni za kupanga chumba, mimi naziweka katika vitu vitatu vya kwanza. Nunua nne, mbili kwa kila nguzo ya nyuma, na uzielekeze nyuma badala ya pembeni. Wengi huzielekeza pembeni kwa sababu picha za matangazo zinaonyesha hivyo. Tatizo ni kwamba pleti kubwa ina kipenyo cha sentimita 45. Baa yako ikiwa katikati ya raki, ukingo wa pleti zake unafika sentimita 17 au 18 kutoka nguzo ya nyuma, na pleti iliyohifadhiwa pembeni kwa kimo hicho hicho inachomoza sentimita 22 kuja mbele. Zitagongana katikati ya skwati. Zikielekea nyuma hazigusi kitu, na uzito wake unakwenda mbali zaidi na egemeo, karibu sentimita 90. Gharama yake ni kuisogeza raki kama sentimita 30 kutoka ukutani.

Pembe hizo zinakupa kiasi gani? Siku ya benchi, baa ya kilo 80 imechukua pleti za kilo 60, zimebaki 70 nyuma: 70 kwa 90 ni 6,300, ongeza 2,200, unapata 8,500. Hata baa ikikaa sentimita 45 mbele ni 3,600 tu. Uko salama. Siku ya skwati ya 110 mambo yanageuka. Pleti za kilo 90 ziko kwenye baa, nyuma zimebaki 40: 3,600 na 2,200 ni 5,800, dhidi ya 4,950 za baa. Haitoshi kabisa kwa baa itakayodondoshwa. Watu husahau hili: uzito unaoshikilia raki ndio huo huo unaoutoa kwenda kuupandisha kwenye baa. Skwati iwe ndani ya raki, juu ya bomba, siku zote. Ukitaka kweli kufanya kazi nje, tandika plaiwudi mbili za milimita 18 zilizopandana, zenye mita 2.44 kwa 1.22, na uifunge raki juu yake kwa bolti za milimita 12, vichwa vikizamishwa upande wa chini na washa pana. Vigae havitobolewi, na egemeo linahamia ukingo wa mbao, mbele kabisa ya ulipo.

Dipsi zinaangukia kwenye hesabu hiyo hiyo, na watu hawalitarajii hilo. Mwili wa kilo 78 ukining'inia sentimita 40 mbele ya raki tupu ni 3,120. Utapinduka nayo. Kipachike kifaa kikielekea ndani, ufanyie dipsi katikati ya nguzo nne. Upana ukikubana, basi nje, ila pleti zote ziwe nyuma.

Kuhusu kucheza kwake: lebo imekudanganya, na si yako peke yako. Inchi 2.5 ni milimita 63.5, lakini baadhi ya raki zinazouzwa kwa jina hilo zimetengenezwa kwa bomba la mraba la milimita 60. Kifaa kilichotengenezwa kwa 63.5 kina nafasi ya ndani ya 64 au 65, hivyo kwenye nguzo ya 60 kinabaki na uwazi wa milimita 4 au 5. Mkono wa sentimita 50 unaoegemea kibati (bamba linalokumbatia nguzo) cha sentimita 12 unaukuza uwazi huo mara nne, na hizo ndizo sentimita 2 zako. Chukua kalipa ya venia, kile kipimio chenye taya, upime namba nne kabla hujanunua kingine chochote. Upana wa nguzo, na kina chake, maana zipo nguzo za 50 kwa 75. Kipenyo cha tundu: la inchi 5/8 ni karibu milimita 16, la inchi 1 ni zaidi kidogo ya 25, na yapo ya kati kama 20 na 21. Mwisho, umbali wa matundu. Huu usiupime kwa tundu moja na jirani yake, kosa dogo halionekani. Pima kutoka ukingo wa chini wa tundu la kwanza hadi ukingo wa chini wa tundu la 11, kisha gawa kwa 10. Ukipata milimita 500, yako ni ya sentimita 5 kamili. Ukipata 508, ni ya inchi 2. Tofauti ya milimita 0.8 haisumbui kifaa cha pini moja, lakini chenye pini mbili zilizoachana matundu manne kitakataa kuingia.

Ikiwa pini ya dipsi inajaza tundu vizuri na uwazi uko kwenye kibati tu, unaweza kubandika vipande vya plastiki ngumu ya polietilini, milimita 2 kila upande, kwa skrubu za vichwa vilivyozamishwa. Ikiwa pini yenyewe ni nyembamba kuliko tundu, kirudishe. Na usijaze uwazi kwa namna hii kwenye kitu chochote kitakachodaka baa inayoanguka. Hicho kiwe na kipimo chake au kisiwepo.

Kitu cha kwanza kununua kabisa, kabla hata ya pembe, ni kulabu. Unazigusa kila seti, na chuma juu ya chuma kinaisaga michongo ya baa, ile inayokupa mshiko; ikishalainika hairudi. Tafuta kulabu zenye plastiki nene ya polietilini pande tatu: sakafu, mdomo wa mbele, na mgongo unaolalia nguzo. Ile ya mgongoni husahauliwa, halafu rangi ya nguzo inachubuka na kutu inaanza. Skrubu za plastiki ziwe zimezama. Pitisha kucha juu yake, ikikwama basi baa nayo itakwama. Mdomo wa mbele wa sentimita 3 hadi 5 unatosha. Mrefu zaidi unaonekana salama, lakini kwenye benchi unakulazimisha kuinua mabega ili kuvuka, ukiwa umechoka, na huko ndiko baa inakogonga ukingo na kurudi vibaya.

Mikanda ya usalama ni kitu kizuri. Haipigi kelele, haiumizi baa, na unaweza kuifunga mshazari, upande wa mbele juu na wa nyuma chini. Lakini wewe una bomba zinazofanya kazi, na kwa kudaka baa bomba iliyopita ndani ya nguzo mbili haina aibu mbele ya kifaa chochote. Ukisumbua majirani, zivishe mpira wa bomba la maji uliopasuliwa kwa urefu. Ukija kununua mikanda baadaye, chagua ya kina cha raki yako, na ujue kwamba hulegea chini ya mzigo: pakia kilo 60, tua taratibu, pima imeshuka sentimita ngapi, ndipo upange tundu.

Kitu cha tatu ni kapi, ila kuna aina mbili na muuzaji huwa haelezi. Ya moja kwa moja, pleti za kilo 60 unazihisi kilo 60, na gari la pleti, yaani kile kibebeo kinachopanda na kushuka na pleti, linapanda sawa na mkono unavyoshuka. Ya nusu, kilo 60 unazihisi 30, na gari linatembea nusu ya mwendo wa mkono, hivyo harakati ndefu zinawezekana hata kwenye raki fupi. Wewe mwenye pleti za kilo 130 chukua ya moja kwa moja. Kwa ile ya nusu, kuvuta kilo 65 kungemaliza pleti zote ulizonazo, zikiwemo zinazotuliza raki.

Ulizia kama kizuizi cha mapaja kinakuja pamoja nayo. Bila hicho, ukikaribia uzito wa mwili wako utainuka wewe badala ya pleti. Kwa kuvuta ukiwa umekaa, kibao cha kukanyagia lazima kifungwe kwenye raki yenyewe. Ukikanyaga sakafu au ukuta, unaiburuta raki kuja kwako juu ya vigae; ukikanyaga raki, mguu unasukuma pale mkono unapovuta na hakuna kinachosogea. Pima pia nafasi: pleti za gari zina sentimita 45, na zile za kwenye pembe zinaingia sentimita 22 ndani kila upande, kwa hiyo zisiwe kimo kimoja zikasuguana.

Ukiifunga, simamisha fito mbili za kuongozea gari kwa pimamaji kabla hujakaza nati, la sivyo gari litakwama juu na kuachia ghafla. Kebo ipite katikati ya mfereji wa kapi. Ukiona unga mweusi chini yake baada ya wiki moja, kapi imekaa upande na plastiki ya kebo inaliwa. Legeza bolti, ipangilie, kaza tena. Fito zipanguse kwa kitambaa chenye silikoni, si grisi, kwa sababu grisi hushika vumbi na kugeuka msasa. Sehemu ya kuchunguza kila mwezi ni ncha, pale kebo inapoingia kwenye kibanio: waya zikianza kuonekana, kebo hiyo imekwisha, hata kama inavuta vizuri.

Landmaini ingoje. Ni ndogo, na ukiipata baadaye ipachike tundu la chini kabisa la nguzo ya nyuma, baa ielekee mbele kupitia ndani. Baa ni mita 2.2, na chumba chako hakina nafasi ya kuizungusha vinginevyo bila kuuchimba ukuta. Mikono ya wenzo iache kabisa: ni mizito, inataka zaidi ya mita moja ya wazi mbele, na inaipindua raki kwa namna ile ile tuliyoipigia hesabu.

Kwa kuwa umetaja dari: ukijivuta kwenye boriti ya juu ya mita 2.1, kidevu kikivuka kichwa kinahitaji kama sentimita 25 juu yake, na wewe una 20. Kama boriti inafungwa kwa bolti, ishushe matundu mawili na ukunje magoti. Baa ya mazoezi iwe sambamba na ukuta wa mita 3, upate sentimita 40 kila upande za kuchomolea pleti. Ukiigeuza, zinabaki 20 tu na vidole vyako vitagonga ukuta.

Vifaa vikifika, usikaze bolti moja moja hadi mwisho. Ziingize zote kwa mkono kwanza, pachika, tikisa mpaka kila kibati kilalie nguzo, ndipo spana ifuate. Kisha zirudie baada ya wiki moja, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa husagika na nati hulegea zenyewe.